Kaswende ya Krismasi

Jani la isale lilikuwa miguuni pa Elisifa, na ukoo mzima ulikuwa unasubiri ainame aliokote. Hapo ndipo ulipolikunja gazeti wiki iliyopita, msomaji, na najua wengi wenu mmekwisha kuinama kwa niaba yake.

Barua zenu nimezisoma. Bwana mmoja wa Bomang'ombe ameniandikia kurasa nne akitaka nimlazimishe Elisifa amsamehe mumewe yaishe, maana isale haikataliwi. Mwingine wa Majengo anasema mwanamke mwenye adabu hatoi kadi ya kliniki mbele ya wazee. Asanteni. Kama mna hasira na mimi, jueni kwamba zangu ni kubwa zaidi.

Kwa aliyenunua gazeti leo kwa mara ya kwanza, Elisifa ni mke wa Valerian, mfanyabiashara wa mitumba pale Himo. Amezika watoto wawili. Wa kwanza alizaliwa akiwa amekwisha kufa, wa pili aliishi siku tatu. Sasa ana mimba ya miezi mitano. Jumanne iliyopita Nesi Tabitha wa kliniki ya kijiji alimpima damu akamkuta na kaswende, akamchoma sindano ya kwanza kati ya tatu. Akamwambia mtoto huyu anaweza kupona kama sindano zote zitaingia kwa wakati, na kama mume naye atachomwa.

Jumapili baada ya misa, ukoo ukaketi huko Kilema kumjadili. Elisifa akaweka kadi yake mezani. Valerian akatoka nje, akarudi na jani la isale, akaliweka miguuni pa mkewe.

Na wewe usiye Mchagga, isale ni jani la kuombea msamaha. Ukiletewa, unasamehe. Ukishalipokea, kosa lile halitajwi tena na mtu yeyote. Hilo la mwisho ndilo Valerian alilolifuata nje.

"Pokea, mama," alisema mzee Primus, kaka yake marehemu baba mkwe, kata ya mbege, pombe ya ndizi, mkononi. "Mwenzio amejishusha."

Elisifa hakuinama.

"Sijakataa, baba mkubwa. Nauliza tu ninasamehe nini."

"Isale haiulizwi."

"Basi aseme mwenyewe. Valeri, kosa lako ni lipi?"

Valerian alikuwa anatazama viatu vyake. "Yote," alisema. "Yote niliyokukosea."

"Yote hayana sindano. Kaswende inayo. Litaje."

Watu wakaguna. Mama mkwe, Mama Bernadetha, akasimama na rozari yake shingoni.

"Neno hilo usilitamke ndani ya nyumba yangu. Nilisema tangu mwanzo, tumwache huyu binti wa Kilutheri, hatujui ametoka na nini kwao. Wakwe zangu wote wanazaa watoto. Wewe unazaa maiti."

Alisema hivyo, mtu mzima, saa moja tu baada ya kukomunika.

"Na Jumanne huendi popote," aliendelea. "Sindano zinatoa mimba. Ukishapokea jani hilo utakaa hapa nyumbani, utakunywa mtori wa ndizi, utalala na mumeo kama mke wa mtu. Kliniki basi."

Elisifa akaelewa. Akiliokota jani, kaswende itakuwa kosa lililosamehewa, na kosa lililosamehewa halipelekwi hospitali. Ataingia ndani na mume ambaye hajatibiwa, na mtoto wa tatu atafuata njia ya wenzake.

"Mama, nesi amesema bila sindano mtoto huyu anakufa."

"Nesi ni nani? Tuna daktari wetu hapa hapa. Basili, mwambie."

Basili si daktari. Basili ni mtoto wa mzee Primus, na alikuwa akiuza mafuta ya taa kwa kibaba mpaka biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza kila kitu. Akapata rafu nne na koti jeupe. Akaandika DUKA LA DAWA BARIDI kwa rangi nyekundu pale Himo, na tangu siku ile watu wazima wanamwamkia kwa kuvua kofia. Mnawajua hawa. Kila kituo cha basi kina wake.

Akakohoa kidogo kama msomi.

"Kitaalamu, sindano kwa mjamzito si nzuri," alisema. "Halafu magonjwa haya hayahitaji makelele ya kliniki. Vidonge vinatosha. Hata Valeri nilimpa rangi mbili za siku tano tu, kidonda kikakauka kabisa, akapanda huku Krismasi akiwa mzima ka..."

Akanyamaza. Alikuwa amechelewa.

"Krismasi ipi?" Elisifa aliuliza.

"Basili, kaa chini," mzee Primus alisema.

"Baba mkubwa, naomba anijibu. Basili, Krismasi ipi?"

Basili akatazama mlango, akamtazama Valerian, akatazama tena mlango.

"Ile ya harusi yenu, shemeji."

Hebu hesabuni wenyewe. Ile ya harusi. Kabla ya mtoto wa kwanza, kabla ya wa pili. Siku ile ambayo Elisifa alisimama kanisani na gauni la kuazima, bwana harusi alikuwa na vidonge vya rangi mbili mfukoni mwa suti, na msimamizi wake aliyemshikia pete alikuwa ndiye aliyemuuzia.

Nitasema, na mkitaka mnichukie. Kila Desemba sisi Wachagga tunapanda mlimani. Tunatoka Dar, tunatoka Arusha, tunatoka Himo na Taveta, tunapanda na mchele na sukari na nguo mpya za watoto. Tunachinja, tunapiga picha mbele ya migomba. Hakuna anayetuuliza tumepanda na nini kingine. Januari tunashuka, wake zetu wanabaki na kahawa na ng'ombe na kile tulichowaachia. Septemba ikifika na mtoto akafa, tunatuma salamu za pole kwa mtu anayepanda huko.

Na kidonda cha kaswende, kwa taarifa yenu, hukauka chenyewe. Ungekipaka hata mate kingekauka. Ugonjwa unabaki kwenye damu ukisubiri. Basili alipaswa kulijua hilo kabla ya kuvaa koti. Valerian yeye hakuhitaji kusoma popote. Alikuwa na mke wa kumwambia.

"Ulijua," Elisifa alimwambia mumewe. "Mtoto wa kwanza nimemzaa amekufa, ukaja, ukanishika mkono, ukaniambia ni mapenzi ya Mungu. Ulikuwa unajua."

"Nilidhani nimepona."

"Na wa pili?"

Valerian akarudi kutazama viatu vyake.

Wazee wakaanza kunong'ona kwa Kichagga. Mzee Primus akanyoosha mkono kutaka neno, ili aifunge habari na mwanawe apate mahali pa kujificha. Hakulipata. Mama Bernadetha alikuwa bado amesimama, na sauti iliyomtoka safari hii ilikuwa ndogo.

"Basili. Yule wa pili nilimwogesha mimi."

"Ndiyo, mama mdogo."

"Viganja vyake vilikuwa vinabanduka. Na nyayo. Kama mtu aliyeungua maji ya moto. Nilimfunga nguo haraka, mama yake asione. Ni ugonjwa huu?"

"Inawezekana, mama mdogo, ila kitaalamu..."

"Nimekuuliza ndiyo au hapana."

"Ndiyo."

Mama Bernadetha akavuka chumba. Akainama, akaliokota lile jani la isale, akaligeuza geuza mkononi.

"Valeri, hili umelichuma wapi?"

"Hapo nyuma, mama."

"Nyuma wapi? Kwenye mpaka wa shamba?"

"Hapo migombani. Lile lililo karibu."

"Lile lililo karibu," mama alirudia. "Lile nimelipanda mimi, juu ya mwanao huyo. Hapakuwa na mwanamume wa kuchimba siku ile. Wewe ulikuwa umevuka Taveta. Nilichimba mwenyewe, nikamfukia, nikapanda isale nisije nikasahau mahali. Na wewe umekwenda ukamchumia mtoto jani lake, umwombee nalo mama yake msamaha."

Akampiga nalo usoni. Akampiga tena. Valerian, mtu wa miaka thelathini na mbili mwenye vibanda viwili sokoni, akakaa pale pale akipigwa.

Elisifa akachukua kadi yake mezani.

"Msamaha sijakunyima," alisema. "Jumanne tunakwenda kliniki wote wawili. Ukishachomwa, uje na jani jingine, tutaongea."

"Nitakuja," Valerian alisema. "Haki ya Mungu nitakuja."

Msipige makofi bado.

Jumatatu asubuhi Valerian alishuka Himo kuangalia mzigo. Jumanne Elisifa alivaa, akakaa kizingitini akisubiri. Jua likapanda juu ya kahawa, umande ukaisha, saa ya kliniki ikafika. Aliyetokea barabarani alikuwa mama mkwe wake, amevaa viatu vya kanisani.

"Lete mkoba," alisema. "Nitabeba."

Tangu aolewe, Elisifa hakuwahi kubebewa mkoba katika nyumba ile. Akautoa, wakaenda.

Nesi Tabitha hakuwa mtu wa maneno matamu. Alichoma sindano ya pili, Elisifa akauma upindo wa khanga, maana sindano zile zinaingia kama udongo. Akaandika kwenye kadi, akainua macho.

"Mume yuko wapi?"

"Amekimbia."

"Basi asikuguse. Sikiliza vizuri, mama. Mtoto huyu tunamtibu kupitia kwako. Ukilala na huyo bwana kabla hajachomwa, anakurudishia ugonjwa na kazi yangu yote inakuwa bure. Hata aje na isale gari zima."

"Nimesikia."

"Swali la pili. Kuna mwanamke mwingine?"

"Sijui."

"Nauliza kwa sababu kama yupo, naye ana mimba, huyo hana mtu wa kumchoma. Mtoto wake yuko kwenye hatari ile ile."

Elisifa akatikisa kichwa. Kisha akaona mama mkwe wake anatazama dirisha, na nje ya dirisha lile hapakuwa na kitu ila ukuta wa choo.

"Mama?"

Mama Bernadetha akashika rozari yake, akaiachia.

"Yupo," alisema. "Anaitwa Gladness. Yuko Himo, nyuma ya soko. Mimi na Primus tulishakwenda kwao na mbege."

"Mbege ya nini?"

"Ya uchumba."

Nesi Tabitha akaweka kalamu chini.

"Kikao kile hakikuwa cha kukujadili," mama aliendelea, na sasa maneno yalikuwa yanamtoka haraka kama anayataka yaishe. "Kilikuwa cha kukurudisha kwenu. Tulishakubaliana. Yule binti ana mimba kubwa. Tulisema huyu angalau atazaa."

"Asubuhi ile uliniletea mtori," Elisifa alisema. "Kitandani. Ukasema nile, nina mtoto tumboni."

"Ndiyo."

"Ukiwa unajua."

"Ndiyo, mama."

Mimi niliyeiandika hadithi hii ningempiga kofi, nawaambia kweli. Mngenifunga na ningekwenda. Elisifa hakumpiga. Akashusha gauni, akaiweka kadi ndani ya mkoba, na safari hii akaubeba mwenyewe.

"Nionyeshe anapokaa," alisema.

Najua mnachokitaka. Mnataka nywele. Mnataka sahani zivunjike na wapiga debe wa Himo waache abiria wao waje kutazama. Elisifa naye alikuwa anakitaka hicho hicho. Njia nzima aliyapanga maneno, machafu kuliko yote aliyowahi kuyasikia, na akawa anayarudia kimoyomoyo asiyasahau.

Chumba kilikuwa nyuma ya vibanda vya mitumba, mlango wa bati umefungwa pazia la maua. Mama Bernadetha akabisha hodi. Pazia likafunguliwa na binti wa miaka kumi na tisa hivi, miguu imevimba, tumbo limetangulia mbele. Nyuma yake robota la nguo za watoto lilikuwa limekatwa kamba, naye alikuwa akichagua vijisweta na kuviweka pembeni.

"Shikamoo mama," alimwambia Mama Bernadetha, akacheka kwa furaha. "Shikamoo dada. Karibuni ndani. Valeri hakuniambia mnakuja leo, ningepika."

"Valeri yuko wapi?" Elisifa aliuliza.

"Amevuka Taveta tangu jana. Amesema Ijumaa."

"Unanijua mimi?"

"Hapana, dada."

"Mimi ni Elisifa."

Gladness akaendelea kutabasamu, kwa maana jina halikumwambia kitu. Halafu likamwambia. Akarudi nyuma hatua moja, mkono juu ya tumbo.

"Aliniambia ulirudi kwenu," alisema. "Mwaka juzi. Alisema mliachana kwa sababu huzai."

Elisifa akafungua kinywa. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamelengwa kwa mwanamke mwingine, mjanja, mwenye mikufu, anayewachekea waume za watu. Aliyesimama mbele yake alikuwa amedanganywa kwa ulimi ule ule uliomdanganya yeye. Hasira ikabaki pale pale kifuani, imepoteza mtu wa kumwangukia.

"Kliniki unakwenda?" aliuliza.

"Hapana."

"Hujapima damu hata mara moja?"

"Valeri alisema nisijisumbue kupanga foleni. Basili ananihudumia. Nilitokwa na vipele mikononi, akanipa dawa, vikaisha." Akainama kwa shida, akatoa bahasha ndogo ya kaki chini ya godoro. "Hizi. Zikiisha ananiletea nyingine."

Rangi mbili. Kwa mjamzito. Nesi Tabitha alinieleza baadaye kwamba vidonge vile hata ukiwa mzima hupewi ukiwa na mimba, na mimi nikaondoka kliniki pale nikiwa siwezi kumwamkia mtu njiani. Wanaume wawili walikaa pamoja, wakanywa soda dukani, wakaamua nani apewe nini na nani asiambiwe nini. Na lile duka asubuhi hii liko wazi, limeweka redio nje.

"Mimba ina miezi mingapi?" Mama Bernadetha aliuliza.

"Minane, nadhani, mama. Sijui vizuri."

Akatazama chini, akaanza kuzungusha kijisweta cha njano vidoleni. Akamgeukia Elisifa, akasogea karibu, akapunguza sauti kama mtu anayeona aibu kuuliza jambo ambalo kila mwanamke analijua.

"Dada, usinikasirikie. Naona nawe una mtoto tumboni, na mimi hapa sina mtu. Huyu alikuwa anapiga mateke sana, nilikuwa silali. Sasa tangu Jumapili ametulia. Si ndiyo anajiandaa kutoka?"

Mama Bernadetha akashika bati la mlango, likalia.

Elisifa akapiga magoti juu ya zile nguo. Hakuomba ruhusa. Akaweka kiganja kwenye tumbo la yule binti, juu, halafu katikati. Akakibonyeza kidogo. Sokoni mtu alikuwa ananadi mashuka, na yeye alitamani kumnyamazisha. Alilijua tumbo lililonyamaza. Alikuwa amelibeba la kwake siku nne kabla ya kumwambia mtu, miaka minne iliyopita, akijiambia mtoto anajiandaa kutoka.

Akahamisha mkono chini, upande wa kushoto, akasubiri.

Kitu kikamsukuma. Kidogo sana, mara moja. Akasubiri kingine na hakikuja.

"Vaa viatu," alisema.

"Tunakwenda wapi, dada? Valeri amesema nisitoke mpaka..."

"Vaa viatu, Gladness."